Locke, kifungu cha 28: madini yamegeuka mashimo katika tafsiri ya Kifaransa?

Mwana_Katuba (Lubumbashi)

Jambo kwenu wote. Nauliza wale wanaomfahamu John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, kwa undani. TFC yangu (kazi ya kumaliza masomo chuoni) inahusu umiliki: upande mmoja sura ya Locke kuhusu mali katika Risala ya pili kuhusu Serikali, upande mwingine sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ile inayosema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Nina mafaili matatu ya PDF na hayapatani hata kidogo.

Faili la Kifaransa la zamani linaweka mali katika sura ya IV, la Kiingereza katika sura ya V. Tena kifungu cha 28 kwa Kiingereza kinataja mawe ya madini "niliyoyachimba". Kwa Kifaransa nakuta "les creux que j'ai faits", mashimo niliyoyatoboa. Kwa kazi inayozungumzia wachimbaji wa mikono hapa Katanga, hiyo si tofauti ndogo. Nifuate lipi?

Halafu tarehe: kitabu kimoja, wengine wanaandika 1689, wengine 1690. Na mwisho, mwalimu anayesimamia kazi amepiga mstari mwekundu chini ya nukuu hii: "Uhuru kamili, uhuru wa haki na wa kweli, uhuru ulio sawa kwa wote bila upendeleo, ndicho kitu tunachokihitaji." Pembeni ameandika tu: "Nani kasema?" Nilidhani ni Locke, Barua kuhusu Uvumilivu.

Kalamu_ya_Ibanda (Bukavu)

Ndugu wa Katuba, mwalimu wako yuko sahihi. Nianze na hiyo kwa sababu ndiyo rahisi.

Barua ile Locke aliiandika kwa Kilatini, akiwa amejificha Amsterdam, majira ya baridi ya 1685 kuingia 1686, wakati Louis XIV ametoka kufuta Amri ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti wa Ufaransa uhuru wa kuabudu. Ilichapwa mjini Gouda, Uholanzi, mwaka 1689, bila jina. Kwenye ukurasa wa jina kuna herufi tupu, P.A.P.O.I.L.A., ambazo ukizifungua kwa Kilatini zinatoa "rafiki wa amani, mchukia mateso, John Locke Mwingereza". Mwaka uleule William Popple aliitafsiri kwa Kiingereza, na mbele yake akatia neno lake kwa msomaji, nalo pia halina jina. Ile sentensi ya uhuru kamili iko humo, kwenye neno la Popple. Haimo katika Barua yenyewe. Kwa kuwa hakuna aliyetia sahihi, watu wamempa Locke maneno hayo mpaka leo. Na Locke mwenyewe, katika nyongeza ya wasia wake ya 1704, anasema tafsiri ile ilifanywa bila yeye kuhusishwa. Kwa hiyo andika "Popple, neno kwa msomaji" au iondoe. Mimi ningeiondoa, maana Locke wa Barua hatoi uhuru kwa wote: asiyeamini Mungu anamfungia mlango, kwa hoja kwamba kiapo chake hakiwezi kuaminiwa. Nukuu ile inamfanya awe mpole kuliko alivyokuwa.

Sasa Risala Mbili kuhusu Serikali. Zilitoka madukani mwishoni mwa 1689, lakini mchapishaji Awnsham Churchill alitia 1690 kwenye ukurasa wa jina, kama wachapishaji wa London walivyozoea ili kitabu kisizeeke haraka. Anayeandika 1689 anataja siku kilipotoka, anayeandika 1690 anataja kilichochapwa. Chagua moja, useme mara moja kwenye utangulizi kwamba umechagua hiyo, basi. Kosa ni kutumia 1689 ukurasa wa 5 na 1690 ukurasa wa 20.

Kuhusu sura: tafsiri ya kwanza ya Kifaransa ni ya David Mazel, 1691, Amsterdam. Mazel aliacha Risala ya kwanza yote, akaacha dibaji, akaacha na sura ya kwanza ya Risala ya pili. Akaanzia moja kwa moja kwenye hali ya asili. Matoleo yaliyoshika mpangilio huo yanahesabu sura pungufu kwa moja, ndiyo maana mali inaangukia IV. Matoleo ya baadaye yaliyorudisha sura ya kwanza yanarudi kwenye V. Tafsiri ni ileile, hesabu mbili. Dawa yake: usitaje sura peke yake, taja kifungu. Risala ya pili ina vifungu 243 katika sura 19, na sura ya mali ni kifungu cha 25 hadi cha 51. Risala ya kwanza ina vifungu vyake 169 vinavyohesabiwa peke yake, kwa hiyo lazima useme "II, kf. 28", la sivyo msomaji anaweza kwenda kutafuta kwenye ile ya kwanza, inayompinga Robert Filmer.

Na kifungu cha 28 chenyewe. Umeona vizuri, na usiache jambo hilo lipite. Locke anataja vitu vitatu: nyasi alizokula farasi wangu, mabonge ya udongo wa nyasi aliyoyakata mtumishi wangu, na mawe ya madini niliyoyachimba mahali ambapo nina haki pamoja na wengine. Vyote vitatu vinakuwa mali yangu bila kuomba ruhusa ya mtu. Mazel kwenye cha tatu akaandika "les creux". Madini yakayeyuka, yakabaki mashimo. Tazama kinachoharibika: hoja ya Locke inahusu kitu kinachotolewa katika hali ya pamoja na kubebwa na mchimbaji. Shimo halibebwi. Ukifuata Mazel utaandika kwamba Locke anampa mchimbaji umiliki wa shimo, jambo ambalo Locke hakusema hapo. Umiliki wa ardhi yenyewe anaufikia kwenye kifungu cha 32, na sharti lake ni kulima, kupanda, kuboresha.

Kwa hiyo nukuu kwa Kifaransa cha kisasa. Tafsiri ya Bernard Gilson (Vrin) au ya Jean-Fabien Spitz (PUF, 1994) zote zinafaa. Mazel mweke kwenye tanbihi, useme alivyotafsiri. Hiyo tanbihi moja itampendeza msimamizi kuliko kurasa tatu za wasifu wa Locke.

Mambo mawili ya kuangalia kabla hujakimbilia hitimisho kuhusu wachimbaji. La kwanza, yule mtumishi. Mabonge aliyoyakata mtumishi ni ya bwana wake, sio yake. PDG wa shimo, yaani bosi anayeligharamia, akisoma kifungu cha 28 atacheka kwa furaha, maana anaweza kusema wachimbaji aliowalisha na kuwanunulia vifaa ni watumishi wake. La pili, kifungu cha 35. Hapo Locke anasema kwamba penye watu wengi walio chini ya serikali, wenye fedha na biashara, ardhi ya pamoja imebaki ya pamoja kwa makubaliano, yaani kwa sheria ya nchi, na hakuna anayeweza kujikatia kipande bila ridhaa ya wenzake. Kwa Kongo ya leo, anayetaka kumtumia Locke dhidi ya Serikali lazima apite kwanza kwenye kifungu cha 35, na wengi wanakiruka.

Tena tenganisha juu na chini. Sheria ya 1973, ibara ya 53, inahusu udongo. Madini yaliyo chini yanatawaliwa na Sheria ya Madini (Code minier) ya 2002 iliyorekebishwa 2018. Ukizichanganya mbili hizo, kosa la Mazel litaonekana dogo.

Mzee_wa_Himbi (Goma)

Kalamu amesema vema. Naongeza kuhusu kile kitabu kikubwa, Insha kuhusu Ufahamu wa Binadamu, kwa sababu naona vijana wengi wanakinukuu kama vile kilishuka siku moja kikiwa kizima.

Hicho Locke alikitia jina lake, chini ya maneno ya kumtukuza Lordi wa Pembroke. Kilitoka Desemba 1689, ukurasa wa jina unasema 1690. Ukurasa huo wa jina hauna mwandishi, jina liko chini ya wakfu. Ila kabla ya hapo Wafaransa walikuwa wamekwisha kuonja: Jean Le Clerc alichapa muhtasari wake kwa Kifaransa katika jarida lake la Amsterdam mapema 1688. Kwa hiyo ukisema mawazo haya yalijulikana kwanza Uingereza, umekosea.

Matoleo manne yalitoka Locke akiwa hai: 1690, 1694, 1695, 1700. La tano lilitoka 1706, miaka miwili baada ya kifo chake. La 1695 halina kipya cha kukusumbua. La 1694 na la 1700 ndiyo ya kuangalia. Mwaka 1694 aliingiza sura nzima juu ya utambulisho wa mtu, II.xxvii (Kitabu cha II, sura ya 27), pale mtu anapokuwa yuleyule kwa sababu ya kujitambua na kukumbuka. Pia alivunja na kujenga upya sura ya uwezo, II.xxi. Toleo la kwanza lilisema nia inavutwa na jema lililo kubwa zaidi, la pili linasema inasukumwa na hali ya kutotulia moyoni. Swali la Molyneux, la kipofu aliyepata kuona na kuulizwa kama ataitofautisha tufe na mchemraba kwa macho tu, nalo liliingia hapo, II.ix.8. Mwaka 1700 akaongeza sura ya mwisho ya Kitabu cha II juu ya mawazo yanayoshikamana kwa mazoea, na ile ya IV.xix juu ya watu wanaodai Mungu anawanong'oneza sikioni.

Matokeo yake ni kwamba kila sura iliyopachikwa katikati ilisukuma zinazofuata. Iliyokuwa II.xxvii mwaka 1690 ni II.xxviii leo. Mtu wa 1692 akimshambulia Locke kwa kutaja sura, hesabu zake usizipeleke kwenye toleo la leo bila kuhakiki.

Sasa Kifaransa. Pierre Coste alitafsiri Insha akikaa nyumba moja na Locke, kule Oates, Essex, na tafsiri ikatoka Amsterdam mwaka 1700. Mwandishi mwenyewe yupo chumba cha jirani, unaweza kumwuliza. Ndiyo maana Coste bado ana uzito. Lakini ana mitego miwili. Utangulizi ameuita "Avant-propos", hakuuhesabu kuwa sura, kwa hiyo Kitabu cha I kwake kina sura tatu, na katika toleo la Kiingereza la Nidditch, 1975, kina nne. Vitabu vya II, III na IV havina tatizo hilo.

Mtego wa pili ni "table rase". Shuleni tumefundishwa wote kwamba Locke aliita akili "tabula rasa". Fungua II.i.2 kwa Kiingereza: utakuta karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Coste ndiye aliyeandika "une table rase". Maneno ya Kilatini hayamo katika Insha iliyochapwa, yamo kwenye rasimu za awali. Ukitaka kusema tabula rasa, sema ni jina la fundisho, usitie alama za kunukuu.

Tena moja nzuri ya Coste: alikosa neno la Kifaransa la kujitambua kwa mtu, kwa kuwa "conscience" ilishachukuliwa na dhamiri. Akaandika "con-science", kwa kistari katikati, na kuweka maelezo marefu chini ya ukurasa ya kuomba radhi. Sisi wa Kiswahili tuna bahati, dhamiri na kujitambua ni maneno mawili. Ukitafsiri kutoka Coste, angalia kile kistari. Wachapishaji wa baadaye wameking'oa mara nyingine, na hapo mtu anageuka kuwa mtu kwa sababu ya dhamiri yake, upuuzi mtupu.

Mwana_Katuba (Lubumbashi)

Aksanti sana wazee wangu. Kifungu cha 35 nilikuwa nimekiruka, nakiri. Maswali mawili ya mwisho. Kweli Risala ziliandikwa kutetea mapinduzi ya 1688, yaliyomng'oa Mfalme James II na kumweka William? Na je, kuna njia ya kupanga nukuu? Nina vikaratasi karibu mia tatu na havipatikani ninapovihitaji.

Kalamu_ya_Ibanda (Bukavu)

La kwanza, kwa kifupi: zilichapwa kuyatetea, hazikuandikwa kwa ajili yake. Dibaji inamtaja Mfalme William, hiyo ni ya 1689. Lakini Peter Laslett, katika toleo lake la Cambridge la 1960, alionyesha kwamba sehemu kubwa iliandikwa kati ya 1679 na 1683, Locke akiwa mtu wa Lordi Shaftesbury, kiongozi wa wapinzani, wakati wa mvutano wa kisiasa wa kumzuia James huyo asirithi kiti. Anayejibiwa kwa jina ni Robert Filmer, aliyekufa 1653 na ambaye kitabu chake cha kutetea ufalme wa baba zetu tangu Adamu kilichapwa 1680. Usiandike kwamba Locke anamjibu Thomas Hobbes, yule mwanafalsafa wa utawala usio na mipaka. Hobbes yumo kwa harufu, Filmer yumo kwa jina. Na dibaji hiyohiyo inakiri kwamba karatasi za katikati, nyingi kuliko zote zilizobaki, zimepotea. Tulicho nacho ni kichwa na mkia.

Ukigusa sura ya utumwa, kifungu cha 22 hadi 24, usinyamaze kuhusu haya: Locke alikuwa katibu wa mabwana wenye koloni la Carolina, Katiba ya koloni hilo ya 1669 inampa mtu huru mamlaka yote juu ya mtumwa wake mweusi, na Locke aliweka fedha zake katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika. Ni kiasi gani cha Katiba ile kilitoka kichwani mwake, wataalamu wanabishana. Mkono wake uko kwenye mswada.

Dada_wa_Nyawera (Bukavu)

Kuhusu vikaratasi: tumia njia ya Locke mwenyewe. Aliichapa 1686 katika jarida lilelile la Le Clerc, kwa Kifaransa, na ni miongoni mwa maandishi yake ya mwanzo kabisa kuchapwa. Inahitaji kaye (daftari) moja nene na rula.

Kurasa mbili za kwanza zinazotazamana ni faharasa. Locke alikuwa na herufi 20, kila moja akaigawa kwa irabu tano, jumla vyumba 100. Aliziondoa K, W na Y kwa kuwa C, U na I zilimtosha, na Q akaibana kwenye nafasi ya mwisho ya Z. Kiswahili hakiwezi kuishi bila K, wala W na Y. Chukua A, B, Ch, D, E, F, G, H, I, J, K, L, M, N, O, P, R, S, T, U, V, W, Y, Z. Ni 24, mara tano ni vyumba 120. Kila ukurasa upige safu mbili, kila safu mistari 30. Herufi sita kwa safu, mistari mitano kwa herufi, zinaenea bila kubaki hata mstari.

Kila nukuu ipe neno la kichwa. Chukua herufi ya kwanza na irabu ya kwanza inayoifuata: "kazi" ni K.a, "fedha" ni F.e, "sheria" ni S.e. Fungua jozi ya kurasa iliyo tupu, anzia wa kushoto, andika neno la kichwa pembeni na nukuu kando yake, kisha namba ya ukurasa iweke kwenye chumba K.a cha faharasa. Nukuu nyingine yoyote ya K.a, hata iwe "kabila", inaingia jozi hiyohiyo. Jozi ikijaa, geuza karatasi uendelee nyuma. Kama nyuma pameshachukuliwa, nenda jozi tupu inayofuata na uandike chini ya ile iliyojaa namba ya ulikohamia.

Inapokwama kwa Kiswahili ni kwenye viambishi. Uhuru, utumwa, uvumilivu: zote U.u. Mali, mamlaka, makubaliano, mkataba: zote M.a. Baada ya wiki moja vyumba viwili vimefurika na vingine vimelala njaa. Kwa hiyo toa kiambishi, panga kwa shina: huru H.u, tumwa T.u, vumilia V.u, tawala T.a, kubali K.u. Maneno yasiyo na kiambishi cha kweli, kama mali na mamlaka, yaache yalivyo. Angalia "madini": ukikata "ma" utayapeleka D.i, akae na dini, na kwa Locke zote mbili zina nukuu nyingi. Mwache M.a.

Na kabla ya kunakili nukuu yoyote, tangulia na anwani yake: kitabu, kifungu, toleo, mtafsiri. Ukianza na maneno, anwani utaisahau, halafu miezi mitatu baadaye hujui tena kama ulikuwa unamsoma Locke au Mazel.

Mwana_Katuba (Lubumbashi)

Dada, aksanti. Kwa hiyo kile cha 28 kinakaa M.a, na anwani "Risala II, kf. 28, Spitz 1994, linganisha Mazel"?

Dada_wa_Nyawera (Bukavu)

Ndiyo. Ongeza na cha pili chini ya T.u, kwa ajili ya yule mtumishi. Nukuu moja inaweza kuwa na vichwa viwili, ila usiinakili mara mbili: T.u andika tu "tazama M.a" na namba ya ukurasa.